Vimulimuli vya Mchana

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza hapa duniani. Nimesema hivyo miaka mingi, mbele ya watu, na nilikuwa na haki ya kusema. Mtu aliyeishia darasa la nne, akabeba magunia ya mpunga mgongoni mpaka shati likachanika, leo ana mashine tatu za kukoboa hapa Mlabani na malori mawili yaliyolipiwa yote, huyo utamwambia nini? Nimeona maji yakipanda mpaka dirishani na kuku wangu wakilala juu ya paa siku nne. Nimeona kijana mwenye shahada akija kuniomba kazi ya kuhesabu magunia, na nikampa. Nikajua nimemaliza kuona.

Basi siku moja, jua la saa sita, kibarua wangu akaligonga debe tupu kwa kiganja ili pumba zilizoganda zianguke. Aligonga mara moja tu. Pembeni mwa jicho langu la kushoto vikaanza kumetameta vitu vidogo vyeupe, vinapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Nikafumba macho, vikabaki mle mle ndani. Harufu ya pumba za moto, ambayo nimeizoea kama jasho langu mwenyewe, ikanifanya nizibe pua. Nikamshika kibarua bega, na neno lililonitoka halikuwa langu.

"Vimulimuli," nikasema.

"Vimulimuli mchana huu, bosi?" akauliza, na wenzake wakacheka.

Nikakaa chini kwenye vumbi, mimi mwenye mashine tatu, nikashika kichwa. Neno lile lilikuwa la mama yangu. Sikuwa nimelisikia tangu sijamaliza kung'oa meno ya utoto, na nilikuwa nimejitahidi sana nisilisikie tena.

Wewe wa rika langu uliyekulia bonde hili unajua jinsi tulivyoishi. Mpunga ukianza kujaza maziwa, familia inahama kijiji. Mnabeba sufuria, mikeka na kuku mmoja wawili, mnahamia shambani mpaka mavuno. Sisi tulikuwa watatu: baba, mama na mimi. Usiku ulikuwa wa baba, kwa ajili ya nguruwe. Mchana yeye alilala kwenye kibanda chake mwisho wa shamba, na mchana ukawa wa mama na mimi, kwa ajili ya ndege. Kwelea kwelea hawana huruma. Wanashuka kama wingu limekatika kamba, na mkisinzia saa moja, mmelima bure mwaka mzima. Kwa hiyo tulikuwa na dungu la miti, jukwaa la kulindia shamba, juu yake debe moja kuukuu na rungu, na kazi yetu ilikuwa kelele. Tulipiga debe tangu alfajiri mpaka jua linazama. Baba alishazoea. Debe likilia ndipo anapolala vizuri, anajua kazi inaendelea. Likinyamaza anaamka.

Sasa mweke hapo mwanamke mwenye kipanda uso.

Kilimwanza hivi. Tuko juu ya dungu, jua limewaka, maji ya majarubani yanarudisha mwanga machoni kama kioo, na mama anaacha kupiga. Anashika mti wa dungu. Anasema taratibu, "Vimulimuli vimekuja." Mara ya kwanza nilimwamini vizuri kabisa. Nikaruka chini nikazunguka kwenye majani na viganja wazi, nimkamatie.

"Viko wapi, mama?"

"Hapa," akasema, akanyoosha kidole mbele ya jicho lake la kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nikaamua kwamba mama yangu anaviita. Kwa akili ya mtoto ilikuwa wazi: anataja vimulimuli, halafu maumivu yanakuja. Asingetaja, yasingekuja. Nikawa namkataza. "Usiseme, mama, usiseme." Alicheka kidogo, akasema hata asiposema vinajua njia.

Kisha kilimpanda. Upande mmoja wa uso, jicho likachuruzika maji, akatapika pembeni ya dungu, akateremka kujilaza ndani ya kibanda cha majani kilichokuwa chini yake. Alijifunga kanga mbichi kichwani akaikaza kwa nguvu. Rozari yake ya mbao aliiweka mkononi, punje moja, pumzi moja, punje moja, pumzi moja. Mimi alinipa kazi ya kubonyeza. Vidole gumba viwili, kwenye mashimo ya pembeni mwa macho.

"Hapo hapo, baba. Usitoe mkono."

Nilibonyeza. Nikiondoka kwenda kupiga debe mara mbili tatu nikarudi, nilimkuta amejikunja zaidi. Nikikaa, pumzi zake zilirefuka. Siku moja, jasho likiwa limemkauka, akanishika mikono yote miwili akaitazama kama vile ni ya mtu mwingine. "Mikono yako ina dawa," akasema.

Nani angemwambia mtoto kama mimi neno hilo? Nilikuwa na majivuno kabla sijawa na kaptula ya pili. Nikatangaza. Niliwatangazia watoto wa dungu la jirani kwamba mimi ni mganga, na wawili niliwabonyeza vichwa kwa malipo ya hindi la kuchemsha. Jioni shangazi yangu, dada yake baba, alipofika kutoka kijijini na chumvi na unga, tukakaa kula, nikaona hapo ndipo penyewe.

"Baba, leo mama alikuwa anakufa. Nikamponya."

"Kwa dawa gani?"

"Kwa vidole."

Baba akaacha tonge hewani. "Vidole vipi?"

Nikamwonyesha, hivi viwili. Mama alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria. Akaacha kukwangua.

"Ugonjwa gani," baba akauliza, taratibu kabisa, "unaoponywa na vidole vya mtoto?"

Shangazi akaweka bakuli chini. "Mimi nilisema siku nyingi, kaka. Kichwa chenyewe kinajua kalenda. Ngoma ikipigwa hakiji. Wageni wakija hakiji. Kinakuja kwenye ndege."

"Wageni wakija kinakuja, wifi," mama akasema. "Ninakificha."

"Maumivu yanafichwa?" shangazi akacheka. "Mimi nikiumwa jino, kijiji kizima hakilali."

Nami nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimemwona mama akiamka kwenye mkeka uso umevimba, akanawa, akapokea wageni wa baba, akacheka nao, akawapikia. Na nilimwona walipoondoka, jinsi alivyoanguka kama gunia lililokatwa uzi. Yote mawili niliyaona. Lakini nilikumbuka kile kicheko tu. Anayeweza kucheka haumwi, nilijiambia, na nikajiona nina akili nyingi.

Baba akamaliza tonge lake. "Sikiliza," akamwambia mama. "Mwaka huu ndege wakila shamba hili kwa sababu ya hicho kichwa, utavuka pantoni urudi kwenu Ulanga. Na ndugu zako watanirudishia mali yangu."

Kesho yake, kabla hajaenda kulala, aliniita pembeni. Alinichuchumalia, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Akianza tena, usimguse. Chukua debe, ingia nalo kibandani, piga karibu na kichwa chake. Mwenye kichwa kweli hawezi kuvumilia debe. Atapiga kelele. Akinyamaza, ujue anatudanganya. Umesikia?"

"Ndiyo, baba."

"Wewe ndiye shahidi wangu."

Shahidi. Nilitembea siku ile kama aliyevaa viatu. Mikono yenye dawa ilikuwa kitu kidogo, sasa nilikuwa macho ya baba.

Kwa siku tatu hakikuja kitu. Mama alikuwa anakiogopa. Sasa najua, wakati ule sikujua. Aliamka alfajiri anatazama mbingu kama ni nyeupe au ya buluu. Aligeuka geuka. Alinishika kidevu, "Nitazame, macho yangu yako sawa?" Hakulala na hakula vizuri. Punje za rozari zilikwenda mbio. Juzi juzi daktari mmoja kijana, mwenye umri wa mwanangu wa pili, alinieleza kwamba hofu kwa kipanda uso ni kuni. Ukikisubiri kwa woga unakichochea. Ukidharauliwa kinaumiza zaidi, na ukikaa na mtu anayekuamini kinaweza kupungua makali. "Na kupungua hivyo, mzee," akasema, "hakumaanishi kwamba ni uongo." Nikamwambia mimi si mzee wa kufundishwa. Lakini nilimwomba arudie.

Siku ya nne mbingu ilikuwa nyeupe tangu saa mbili. Mama aliacha rungu. Hakusema vimulimuli. Alikuwa amejikataza, kama nilivyokuwa nikimkataza, na vikaja hivyo hivyo. Akateremka, akajilaza, akajifunga kanga. Bila kufumbua macho akanyoosha mkono kutafuta wa kwangu.

"Leo usiniache, baba," akasema.

Nilichukua debe.

Pigo la kwanza mwili wake wote ulijikunja kama konokono aliyemwagiwa chumvi. Jicho moja likafunguka. Alinitazama na debe langu, akatazama upande wa kibanda cha baba.

"Amekutuma?"

"Ndiyo."

Akafumba jicho. Alichukua pindo la kanga akaliingiza mdomoni akaliuma. Mimi nikapiga. Nilipiga kama mtu anayefukuza ndege wa shamba zima. Nilibadilisha mkono ulipochoka, nikaendelea. Nilikuwa ninangoja kelele, kwa sababu nilitaka kuwa shahidi wa kitu, chochote. Kelele haikutoka. Machozi yalitoka, lakini jicho moja tu, la kushoto. Nikajiambia kulia kwa jicho moja ni ujanja.

Sijui nilipiga muda gani. Ninachojua ni kwamba debe lilikuwa ndani ya kibanda, nami ndani, na shamba lilikuwa nje peke yake. Baba kule mwisho alisikia debe, akalala fofofo. Kwelea kwelea walishuka upande wa mashariki wakala bila haraka. Nilipotoka kwenda kukojoa niliwaona wakiinuka, na mashuke yamesimama wima, mepesi, hayana uzito tena wa kuinama.

Baba alisimama katikati ya mabua muda mrefu. Shangazi aliitwa. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda, kanga imechanika kwenye pindo, uso umegeuka rangi ya majivu.

"Alilia?" baba akaniuliza.

"Hakulia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba."

Nilisema kwa sauti kubwa, shangazi asikie vizuri. Ningeweza kusema mengine. Ningeweza kusema kwamba ndege wamekula kwa sababu debe lilikuwa kibandani kwa amri yake, na mtoto wa miaka ile anajua kabisa kwamba debe likiwa ndani haliwezi kuwa nje. Nilijua. Lakini hakuna aliyeniuliza hilo, na nilikuwa ninasifiwa.

"Kichwa kimekwisha sasa?" shangazi akamuuliza mama. "Shamba likishaliwa kinapoa, eeh?"

Mama alikuwa anafungua kanga kichwani, taratibu, mzunguko mmoja mmoja.

Nilimsindikiza mpaka pantoni. Enzi hizo hakukuwa na daraja. Ukivuka mto Kilombero umevuka, na aliyebaki ng'ambo kabaki. Alikuwa na furushi moja. Tulisubiri zamu pamoja na watu wenye kuku na baiskeli, na hakuna aliyejua kwamba yule mwanamke anarudishwa. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama kama siku ile.

"Mikono yako ina dawa," akasema.

Nami nikafurahi. Mungu ananiona, nilifurahi. Nilirudi nyumbani ninaruka.

Baada ya mavuno, yale machache, kaka yake mama akaleta mali ya baba. Mbuzi wanne, majembe mawili na kaniki moja ambayo bibi yangu mzaa mama alipewa siku ya posa na alikuwa bado anaivaa. Alikuja nayo imefuliwa na kukunjwa. Mbuzi walikabidhiwa kwangu. Niliwachunga mimi. Niliwapa na majina.

Mengine unaweza kuyakisia. Baba alioa tena, akafa. Mimi nilibeba magunia, nikakodisha mashine, nikanunua mashine, nikanunua ya pili na ya tatu. Nilipoanza kupata nilimpelekea mama gunia la mchele mzuri kila mwaka kwa lori linalokwenda Mahenge. Kila mwaka gunia lilirudi kwa lori lile lile, uzi wake haujakatwa. Dereva aliniambia, "Mama anasema asante, ameshashiba." Nikasema hana shukrani. Nilisema hivyo barazani, mbele ya watu, na watu wakakubali, maana wengi walikuwa na madeni kwangu.

Mpaka vimulimuli vilipokuja mchana kwenye mashine yangu. Nikapimwa hapa Ifakara, nikapimwa Morogoro, nikaingizwa kwenye lile dude la Dar es Salaam linalokunguruma kama mashine mbovu. Wote walisema kichwa ni kizima, ni kipanda uso tu. Tu. Niliporudi nyumbani, nimejifungia chumbani mapazia yameshushwa, nilisikia vibarua wangu uani. "Bosi anaumwa siku za mishahara," mmoja akasema. "Kichwa kinajua kalenda," mwingine akasema. Sijui alilitoa wapi neno hilo. Nilitaka kutoka nimfukuze kazi, na sikuweza kuinua shingo.

Nikavuka daraja. Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, anapukuchua maharage. Mvi zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Nimekuona kuwa ni wewe. Nimeuliza nani."

Nikakaa chini. Nikamweleza kichwa changu. Alisikiliza kama mfanyabiashara anayesikiliza bei.

"Kinaanza na vimulimuli?"

"Ndiyo."

"Jicho gani?"

"La kushoto."

"Changu kiliniacha nilipoota mvi," akasema. "Una miaka kama kumi hivi ya kungoja."

Nikamwambia nitamjengea nyumba. Bati za rangi, sola, tangi la maji. Nilitaja na idadi ya vyumba. Mjomba, yule yule aliyeleta mbuzi, sasa mzee wa fimbo, alitoka ndani akasimama kutusikiliza.

"Sitaki bati zako," mama akasema. "Nataka kilichotoka hapa kirudi hapa. Muulize mjomba wako ni nini."

"Mbuzi wanne, majembe mawili, kaniki moja," mjomba akasema, bila kufikiri hata kidogo. "Na siyo hela, mpwa wangu. Vitu. Utavileta mwenyewe kwa mguu, kama nilivyovipeleka."

Mimi nina watu wa kutuma kumi na wawili. Nilikwenda mnadani mwenyewe. Nikarudi na mbuzi wanne kwenye kamba, majembe begani, kaniki kwapani, viatu vyangu vya ngozi vimejaa vumbi, na kila mbuzi akilia ni debe ndani ya fuvu. Watu walitoka majumbani kunitazama. Nilipofika uani kwa mama vimulimuli vilikuwa vimeshakuja na kupita. Kipanda uso chenyewe kilikuwa kimefika. Nikaanguka kwenye mkeka wake.

Aliniacha nilale hapo. Nilimsikia akihesabu mbuzi, akikunjua kaniki, akiikunja tena. Kisha akaja akasimama juu yangu.

"Unalia?"

"Hapana, mama."

"Basi huumwi."

Akarudi kwenye maharage yake. Punje zilianguka kwenye ungo, moja, mbili, tatu, na kila punje niliisikia. Nilinyoosha mkono, sijui nilikuwa natafuta nini. Nilikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia miguu. Ndipo alipokuja akapiga magoti kwa shida, mifupa ikialika, akaweka vidole gumba viwili kwenye mashimo ya pembeni mwa macho yangu. Vilikuwa vikavu na vinanuka maganda ya maharage. Alibonyeza na hakuondoka. Pumzi yangu, bila mimi kuiamuru, ikaanza kurefuka.

"Nafuu?"

"Nafuu, mama. Kweli nafuu."

Alibonyeza kidogo tena. Kisha akaitoa mikono yake, akajipangusa kwenye kanga.

"Ugonjwa gani huu," akasema, taratibu kabisa, "unaoponywa na vidole vya bibi kizee?"

Mjomba alicheka huko nje. Mimi nililala pale nimefumba macho, nusu ya uso ikirudi kuuma.

Hospitali zilikula mamilioni na sikuandika popote. Hesabu hii niliiandika, ninayo mfukoni. Mbuzi wanne kwa elfu tisini na tano kila mmoja, majembe mawili elfu kumi na mbili kila moja, kaniki elfu nane na mia tano. Kamba walinipa bure. Jumla shilingi laki nne, elfu kumi na mbili na mia tano.